Bibi Maggie Walker na Benki ya Senti

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani ambaye maisha yake yanaweza kuwafaa wanafunzi walioko shuleni hivi sasa, pamoja na sisi tuliokwisha kutoka. Nimemchagua mtu ambaye darasa letu halikumsoma katika vitabu vya historia: Bibi Maggie Lena Walker wa mji wa Richmond, jimbo la Virginia, Marekani, aliyefariki mwaka 1934. Sababu ya kumchagua yeye nitaieleza, maana inahusu jambo tutakalolipigia kura katika mkutano wetu wa mwaka huu.

Ndugu mliohudhuria mkutano uliopita mtakumbuka kwamba lilitolewa wazo la kuanzisha mfuko wa kuwakopesha vijana wanaomaliza shule yetu, wale wanaotaka kuanza shughuli ndogo ndogo kama useremala, ushonaji, ufugaji wa kuku na maduka ya rejareja. Baadhi yenu mmependekeza niwe mweka hazina wa mfuko huo. Nawashukuru kwa imani hiyo. Lakini waliolala nami bweni moja wanajua habari moja ambayo hapana budi na wengine waijue kabla ya kupiga kura.

Mwaka 1996, nikiwa Kidato cha Tatu, bweni letu lilikuwa na duka dogo la ushirika. Kila mmoja alitoa hisa yake, tukawa tunauza sabuni, kalamu, daftari na biskuti. Mweka hazina nilikuwa mimi. Sikuiba hata senti moja. Nilichofanya ni kuwakopesha marafiki bila kuandika, nikitumaini kwamba nitakumbuka. Muhula ulipokwisha tulifungua sanduku, tukakuta fedha hazifiki nusu ya zile zilizotakiwa kuwamo, na daftari langu halikuweza kueleza zilikokwenda. Duka likafungwa. Kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza, aliyetoa fedha zake za sabuni za muhula mzima, hakusema neno. Alinitazama tu. Nilimlipa mwaka uliofuata, lakini duka halikufunguliwa tena wakati wetu, kwa sababu hakuna aliyekubali kutoa hisa kwa mara ya pili.

Ndiyo maana nilipokutana na habari za Bibi Walker, nikiwa Chuo Kikuu, nilizisoma kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye mwenyewe.

Alizaliwa Richmond mwaka 1864, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikikaribia kwisha. Mama yake, Elizabeth Draper, aliyewahi kuwa mtumwa, alifanya kazi jikoni katika nyumba ya mwanamke mmoja tajiri wa Kizungu, Elizabeth Van Lew, ambaye kwa siri alikuwa mpelelezi wa upande wa serikali dhidi ya majimbo yaliyojitenga. Baadaye mama huyo aliolewa na William Mitchell, mtumishi wa nyumba hiyo hiyo, ambaye kisha alipata kazi hotelini. Familia ikahamia katika nyumba yao ndogo, na maisha yakaanza kunyooka. Lakini mwaka 1876 Bwana Mitchell alikutwa amekufa mtoni. Wakubwa wa mji walisema amejiua. Jamaa zake waliamini ameuawa.

Mjane huyo alianza kufua nguo za watu. Maggie, ambaye bado alikuwa mtoto, ndiye aliyebeba makapu ya nguo na kuyapeleka kwenye nyumba za Wazungu, kisha akarudi na malipo. Hivyo, mbali na hesabu za darasani, alijua hesabu za dobi: sabuni ni kiasi gani, kuni ni kiasi gani, na nini kinachobaki. Alijua pia kwamba wanawake waliokuwa wakiinama kwenye mabeseni pamoja na mama yake, ingawa walikuwa maskini, walipitisha fedha mikononi mwao kila wiki. Jambo hilo hakulisahau.

Alisoma katika shule ya kufundishia walimu Weusi, akamaliza mwaka 1883. Wanafunzi wa sasa watapenda kusikia kwamba darasa lake lilikuwa na msimamo. Wanafunzi wa Kizungu walifanyiwa mahafali yao katika jumba la michezo ya kuigiza, lakini Weusi walitakiwa kufanyia kanisani. Darasa la Maggie likakataa, likisema kwamba wazazi wao nao wanalipa kodi. Mwisho wake mahafali yalifanyika katika ukumbi wa shule yao wenyewe. Baada ya hapo alifundisha kwa miaka mitatu, huku akijifunza uwekaji hesabu. Mwaka 1886 aliolewa na Armstead Walker, fundi mwashi na mkandarasi, na kwa kuwa mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kuendelea na ualimu, akaacha kazi.

Hapo ndipo alipotoa nguvu zake zote kwa chama alichokuwa amejiunga nacho tangu akiwa na umri wa miaka 14, yaani Chama Huru cha Mtakatifu Luka. Chama hiki kilianzishwa Baltimore mwaka 1867 na mwalimu mmoja mwanamke, Mary Prout. Sisi tungekiita chama cha kufa na kuzikana: wanachama walitoa michango midogo midogo, na mmoja akiugua alisaidiwa, akifa alizikwa kwa heshima. Mwaka 1899 Bibi Walker alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu. Alipofungua vitabu alikuta wanachama wapatao elfu moja, dola 31 na senti 61 katika hazina, na deni la dola 400. Akakubali mshahara wa dola 8 kwa mwezi.

Yafaa tueleze kidogo hali ya watu Weusi wa Richmond wakati huo. Walikuwa wachache kwa idadi kuliko Wazungu, na sheria zilizidi kuwabana. Katiba mpya ya Virginia ya mwaka 1902 iliwanyang'anya wengi wao haki ya kupiga kura. Katika biashara, mtu Mweusi mwenye duka la kunyolea, karakana ya kushona viatu au mkahawa aliweza kupeleka akiba yake katika baadhi ya benki za Wazungu, lakini akienda kuomba mkopo alikuta mlango umefungwa. Fedha zake zilikwenda kukuza biashara za watu wengine. Jambo hili si geni kwetu. Katika Tanganyika ya wakoloni kulikuwa na sheria iliyozuia Mwafrika kukopeshwa kwa utaratibu wa kawaida wa kibiashara, kwa kisingizio cha kumlinda, na wafanyabiashara wetu wakabaki na vibanda vidogo miaka nenda miaka rudi.

Lakini kizuizi hakikuwa ubaguzi peke yake. Kulikuwa na jeraha jingine, nalo lilikuwa la kutoaminiana. Mwaka 1865 serikali ya Marekani ilikuwa imeidhinisha benki ya akiba kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Watu walipeleka huko jasho lao. Mwaka 1874 benki hiyo ilianguka kwa uendeshaji mbovu na mikopo ya hovyo, ikiwaacha watu wapatao 61,000 wakidai karibu dola milioni 3. Wengi hawakulipwa chochote, na wengine walilipwa sehemu tu. Kwa hiyo mtu aliyekuja miaka ishirini na tisa baadaye kumwambia dobi alete senti zake benki alikuwa akisema na mtu ambaye baba yake au mama yake alikuwa ameibiwa kwa njia hiyo hiyo. Nilipofika hapa katika kusoma nilimkumbuka yule kijana wa Kidato cha Kwanza.

Mwaka 1901 Bibi Walker aliuambia mkutano mkuu wa chama chake kwamba kinahitaji mambo matatu: benki, gazeti na duka kubwa. Hoja yake ilikuwa rahisi. Hakuomba matajiri wawahurumie watu wake. Alisema kwamba fedha wanazo tayari, ila zimetawanyika. Zikikusanywa mahali pamoja na kukopeshwa wao kwa wao, senti zitageuka dola. Gazeti, St. Luke Herald, lilianza mwaka 1902. Benki haikuanzishwa kwa pupa. Kwanza alikwenda katika benki moja ya Wazungu mjini humo, akakaa saa kadhaa kila siku kwa miezi, akitazama jinsi kazi inavyofanywa, toka kupokea amana mpaka kufunga vitabu jioni. Alikuwa mama mwenye watoto na kiongozi wa maelfu, lakini hakuona aibu kuwa mwanafunzi.

Tarehe 2 Novemba 1903 Benki ya Akiba ya Senti ya Mtakatifu Luka ilifungua milango. Bibi Walker akawa mwanamke wa kwanza Mweusi nchini Marekani kuanzisha benki na kuwa rais wake. Siku hiyo ziliwekwa zaidi ya dola 8,000. Wengine walileta mamia, wengine dola chache, na mmoja alifungua hesabu kwa senti 31. Zote ziliandikwa. Watoto nao hawakuachwa: walipewa visanduku vidogo vya karatasi ngumu wakusanye senti, na zikifika 100 walipelekwa benki kufungua hesabu zao wenyewe.

Fedha hizo zilifanya nini? Mfano ambao Bibi Walker alipenda kuusimulia ni wa kijana mmoja mwenye mguu mmoja, mpiga kiwi viatu. Kiti chake cha kazi kilikuwa cha kukodi, kando ya barabara, juani na mvuani. Alijiunga na chama, akasaidiwa kuweka akiba. Alipofikisha dola 50, alisaidiwa kupanga chumba kidogo chenye viti vitatu. Miaka saba baadaye alikuwa na mahali pake mwenyewe penye viti kumi na viwili, na alikuwa amemnunulia mama yake nyumba ya dola 1,900 isiyo na deni. Tazameni utaratibu wake: hakupewa mtaji siku ya kwanza. Alifundishwa akiba, akiba ikawa ushahidi wa tabia yake, na ushahidi huo ukawa dhamana. Upande wa makazi nao haukusahauliwa: kufikia mwaka 1920 familia 645 zilikuwa zimemaliza kulipia nyumba zao kwa msaada wa benki hiyo.

Naomba niingize hapa kisa cha kazini kwangu. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi niliyokuwa nikifanya kazi, nilipewa kusoma maombi ya mikopo ya wafanyabiashara wadogo. Alikuja mama mmoja muuza vitumbua, akitaka mkopo wa kununulia jiko kubwa na unga wa jumla. Fomu ilitaka hati ya nyumba au mdhamini mwenye mshahara. Hakuwa nacho hiki wala kile. Nikampa jibu ambalo kanuni ilinitaka nimpe. Alipokuwa akiinuka alinieleza kuwa yeye ndiye kijumbe wa upatu wa kina mama kumi na wawili, na kwamba kwa miaka sita upatu ule haujawahi kuchelewa hata siku moja. Fomu yangu haikuwa na mahali pa kuandika jambo hilo. Hakukuwa na shahidi wa uaminifu aliye bora kuliko huyo, nami nilimrudisha nyumbani. Bibi Walker angemfungulia hesabu asubuhi ile ile.

Nisingependa mdhani kuwa kila alichokigusa kilifanikiwa. Mwaka 1905 alifungua duka kubwa, St. Luke Emporium, katika mtaa mkuu wa biashara wa Richmond, ili wanawake Weusi wapate kazi ya ukarani na uuzaji badala ya kufua na kupika peke yake, na ili watu wanunue mahali wanapoheshimiwa. Wafanyabiashara wa Kizungu kwanza walijaribu kulinunua jengo kwa bei kubwa kuliko iliyolipwa, ili duka lisifunguliwe. Aliposhika msimamo, walijiunga pamoja wakawaandikia wauzaji wa jumla kuwatisha kwamba watakaowauzia Weusi wataachwa na wao. Bidhaa zikawa shida. Na zaidi ya hayo, wateja Weusi wenyewe wengi waliendelea kupita mbele ya mlango wake wakienda kununua kwa wale waliowadharau. Bibi Walker alisimama mbele yao akawalaumu waziwazi, lakini baada ya miaka kama sita duka likafungwa. 

Benki yenyewe ilisalimika. Mwaka 1910 benki nyingine ya Weusi mjini Richmond, ya chama cha True Reformers, ambayo ilitangulia kufunguliwa mwaka 1889 na ilikuwa na sifa kubwa, ilianguka kwa wizi wa ndani na mikopo isiyokuwa na dhamana. Hofu ya mwaka 1874 ikarudi. Wakaguzi wa serikali walizichunguza benki, na sheria ikataka benki zitenganishwe na vyama. Benki ya Mtakatifu Luka ikatengana na chama chake, ikakaguliwa, ikaendelea. Mwaka 1922 ikaanguka benki ya tatu, ya John Mitchell, mhariri wa gazeti na mtu shujaa sana katika kupinga ubaguzi. Ushujaa wake haukuzuia vitabu vyake kumshinda. Naliandika jambo hili kwa makusudi, ndugu zangu, maana sisi tuna desturi ya kumchagua mweka hazina kwa sababu anasema vizuri.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mepesi. Mtoto mmoja wa kiume alimfia akiwa mchanga. Mwaka 1915 mwanawe mkubwa, Russell, alisikia nyayo usiku, akadhani ni mwizi, akafyatua bastola, na aliyeanguka alikuwa baba yake mzazi. Alishtakiwa kwa mauaji, mahakama ikamwachilia, lakini hakupata raha tena, na alifariki mwaka 1923. Wakati wa kesi walikuwako ndani ya chama waliotaka kumwondoa mama huyo katika uongozi. Alisimama mbele ya wanachama, na wao wakambakiza. Kisha magonjwa yakamwandama, na miaka yake ya mwisho alitembea kwa kiti cha magurudumu. Alitengenezewa lifti nyumbani na gari lililomfaa, akaendelea kwenda kazini.

Uchumi wa dunia ulipoporomoka kuanzia mwaka 1929, benki nyingi za Marekani zilifungwa. Bibi Walker alikubali jambo ambalo viongozi wengi hulikataa: kupunguza ukubwa wa jina lake ili kazi yake iishi. Benki yake iliunganishwa na benki nyingine za Weusi mjini humo, ikazaliwa Consolidated Bank and Trust Company, naye akawa mwenyekiti wa bodi badala ya rais. Alifariki tarehe 15 Desemba 1934. Benki hiyo iliendelea kuwa mikononi mwa Weusi hadi ilipouzwa mwaka 2005, zaidi ya miaka mia moja tangu mtu mmoja alipoleta senti 31. Nyumba yake inatunzwa kama mahali pa historia ya taifa, na mwaka 2017 mji wa Richmond ulimsimamishia sanamu.

Sasa nirudi kwenye mfuko wetu. Haba na haba hujaza kibaba, hilo kila mtoto analijua. Bibi Walker ananifundisha kwamba kibaba chenye tundu hakijai, hata haba zikiwa nyingi namna gani. Vijana wetu hawakosi akili wala bidii. Wanakosa mahali ambapo uaminifu wao unaandikwa, ukahesabiwa, ukakubaliwa kuwa dhamana.

Kwa hiyo, mkinichagua, nitakuwa na masharti. Kwanza, kila kijana atakayekopeshwa awe ameweka akiba yake kwanza, japo kidogo, kwa muda tutakaokubaliana. Hatutadai hati ya nyumba. Pili, kitabu cha hesabu kisomwe hadharani katika kila mkutano, na mkaguzi asiwe rafiki yangu. Tatu, hasara zitangazwe katika jarida hili sawasawa na faida. Nne, nisiruhusiwe kumkopesha mtu yeyote, hata mwalimu wangu wa zamani, bila kuandika. Mkiona kuna mwenzetu atakayeyashika haya kuliko mimi, mchagueni yeye, nami nitatoa mchango wangu kwa moyo mweupe.

Nanyi wanafunzi mlioko shuleni, msingoje mfuko wa wakubwa. Nimesikia kuwa bweni letu la zamani halina duka mpaka leo. Lifungueni tena. Nunueni daftari kabla ya kununua sabuni, na ukurasa wa kwanza muandike jina la kila mwenye hisa na kiasi alichotoa, hata kama ni kidogo cha kuonewa haya. Hisa ya kwanza naahidi kuitoa mimi, na naomba iandikwe.

Mhitimu wa Kidato cha Nne, 1997